Darasa Geuzi la Uchoraji: Mwongozo Kamili kwa Mwalimu wa Dodoma Mwenye Simu Moja

Kipindi cha uchoraji kinaliwa na maneno. Mwalimu anaandika kichwa cha somo ubaoni, anaeleza kivuli ni nini, anachora duara kwa chaki, wanafunzi wananakili notsi. Ikifika zamu ya penseli kugusa karatasi, kengele inagonga. Kazi yenyewe inakwenda kumaliziwa nyumbani au bwenini, mahali pasipo na jicho la mwalimu, na hiyo ndiyo sehemu iliyolihitaji jicho hilo kuliko zote.

Darasa geuzi linabadilisha mpangilio huo: maelezo yanatangulia, mwanafunzi anayapata kabla ya kipindi, na kipindi kizima kinabaki cha mikono. Njia hii ilienea kupitia walimu wawili wa kemia wa Marekani, Jonathan Bergmann na Aaron Sams, ambao mwaka 2007 huko Woodland Park, Colorado, walianza kurekodi masomo yao kwa ajili ya wanafunzi waliokuwa wakikosa vipindi. Kwenye sanaa inafaa kuliko hata kwenye kemia. Ufundi wa mkono hauonekani ubaoni mbele ya watu 60. Aliyeketi dawati la nyuma hajui kama ncha ya penseli imelala au imesimama. Kwenye video anaiona kwa karibu, na asipoelewa anairudisha nyuma mara tano bila kumwonea haya mtu.

Wengi hukata tamaa mapema: shule hairuhusu wanafunzi kuwa na simu, bando linaisha, umeme unakatika. Mwongozo huu umeandikwa kwa mazingira hayo hayo. Unachohitaji ni simu janja moja ya mwalimu, kompyuta mpakato moja hata kama ni ya zamani, flashi, na duka la fotokopi. Mwanafunzi hahitaji intaneti hata siku moja.

Anza na swali la wapi watatazamia

Kabla hujagusa kamera, chukua daftari la mahudhurio na uwagawe wanafunzi wako kwa hali zao halisi. Shule ya bweni ni rahisi: omba nusu saa ya prepo mara moja kwa wiki, katika chumba cha kompyuta au mbele ya projekta. Zungumza mapema na mwalimu wa taaluma ili iingie kwenye ratiba; ikibaki kwa hisani, itamezwa na mazoezi ya hesabu.

Shule ya kutwa ina makundi matatu. Wapo ambao mzazi ana simu janja na huirudisha nyumbani jioni. Wapo ambao nyumbani kuna kitochi chenye memori kadi, au sabufa inayopokea flashi. Hao hawawezi kuona video lakini wanaweza kusikiliza. Na wapo ambao hawana kimojawapo, au wanacho lakini wakifika nyumbani kuna maji ya kuteka, mboga za kupika na wadogo wa kulea. Hawa wa mwisho mara nyingi ni wasichana, na mpango usiowatengea muda hapo hapo shuleni utawaacha nyuma kila wiki. Tenga dakika 20 baada ya vipindi, au kabla ya paredi ya asubuhi, kompyuta ikiwa wazi mezani.

Kwa hiyo kila somo litoke katika sura tatu: video, sauti peke yake, na kitini cha karatasi. Kazi inaonekana kubwa, ila zote tatu zinatokana na rekodi moja.

Kuandaa video: kitu kimoja, dakika sita

Video moja ibebe ujuzi mmoja. "Utiaji wa kivuli" ni mada ya wiki tatu. "Kutia kivuli kwenye kibuyu kwa mwanga unaotoka upande mmoja" ni video. Dakika 5 hadi 7 zinatosha. Ukivuka 8, wanaotazama kwa simu ya mzazi hawafiki mwisho, kwa sababu simu hiyo inaitwa.

Andika maneno utakayosema. Dakika 6 za kuonesha kwa mkono huku ukizungumza zinabeba maneno kama 500 au 600, si zaidi. Ukiandika 1,000 utajikuta unakimbia na mkono unabaki nyuma ya mdomo. Pembeni mwa karatasi, andika kila tendo la mkono mkabala na sentensi yake. Kwa shule za sekondari, istilahi ya Kiingereza itakayotokea kwenye mtihani iandike kwa herufi kubwa kwenye kikaratasi na ukiweke ndani ya picha unapoitaja, hata kama unaeleza kwa Kiswahili.

Tuchukue kibuyu kama mfano. Hadithi ya video inakwenda hivi. Sekunde 20 za kwanza zioneshe kibuyu chenyewe kando ya dirisha, na mchoro uliokamilika. Kisha taja sehemu sita za mwanga juu ya kitu cha mviringo: mng'ao, eneo la mwanga, nusu kivuli, kiini cha kivuli, mwanga unaorudi kutoka mezani, na kivuli kinachoanguka chini. Zioneshe kwa kidole juu ya kibuyu, usizichoree mishale kwanza. Halafu chora ngazi ya rangi: miraba 7 ya sentimita 2 kwa 2. Anza na wa mwisho, mweusi kabisa kwa penseli laini ya 4B. Uache wa kwanza mweupe. Ndipo ujaze wa katikati, na ile iliyobaki ifuate. Anayeanza kushoto kwenda kulia hufika mraba wa nne akiwa ameshamaliza weusi wote. Dakika tatu zilizobaki ni za kibuyu.

Hapo sema waziwazi makosa mawili na sababu zake. La kwanza ni kufanya ukingo wa kibuyu kuwa sehemu nyeusi kuliko zote. Ukingo wa upande wa kivuli hupokea mwanga unaorudi kutoka mezani, kwa hiyo weusi wa juu kabisa uko ndani kidogo ya ukingo. Ukiusukuma hadi kwenye mstari, kibuyu kinalala kama sahani. La pili ni kusugua kwa kidole. Mafuta ya ngozi hushika unga wa penseli na kuacha kijivu kimoja chenye madoa ambacho ufutio hauwezi kukiondoa. Onesha badala yake mistari iliyopishana, penseli imelazwa, risasi imechongwa kwa wembe hadi itokeze milimita 6 au 8.

Kurekodi

Simu ikae juu ya karatasi, ikitazama chini moja kwa moja. Huna haja ya stendi ya kununua. Panga vitabu au katoni mbili za urefu sawa, kama sentimita 45, kila moja upande mmoja wa meza. Laza juu yake rula mbili za mita, zile za ubaoni, ukiacha nafasi ya upana wa kamera kati yake. Laza simu hapo na uifunge kwa mipira. Tandika karatasi ya A4 kwa ulalo na uweke alama za selotepu mezani kwenye pembe zake nne, ili ikisogea uirudishe palepale. Video ina umbo refu kuliko A4, hivyo pembeni patabaki nafasi; hapo ndipo pa kuweka kikaratasi cha istilahi na penseli unayotumia.

Mwanga ndio unaowashinda wengi Dodoma, si kwa uchache bali kwa ukali. Jua likiingia moja kwa moja, karatasi inawaka nyeupe na mistari inapotea. Mji huu uko nyuzi 6 na ushei kusini mwa Ikweta. Kuanzia mwanzoni mwa Machi hadi mapema Oktoba jua la mchana hupita upande wa kaskazini, kwa hiyo rekodi kando ya dirisha linalotazama kusini. Kuanzia Oktoba hadi Februari geuza, tumia dirisha la kaskazini. Hapo unapata mwanga tulivu usiobadilika. Ukiwa unatumia mkono wa kulia, kaa dirisha liwe kushoto kwako, ili kivuli cha mkono kisiangukie pale unapochora.

Kabla ya kubonyeza kitufe chekundu:

1. Weka simu kwenye hali ya ndege. Simu ikiita katikati, rekodi imekwisha.
2. Chagua ubora wa picha wa 1080p. Kama simu inaruhusu fremu 25 kwa sekunde na unalazimika kutumia taa za umeme, zichague: umeme wetu ni wa hezi 50, na fremu 30 huleta michirizi inayotembea kwenye picha.
3. Weka mkono wako juu ya karatasi, kisha ushikilie kidole kwenye kioo cha simu hadi kamera ifunge fokasi na mwanga. Usipofanya hivi, kila mkono ukiingia kwenye picha karatasi inabadilika kutoka nyeupe kuwa kijivu, na somo la vivuli linakuwa uongo mtupu.
4. Rekodi sekunde 20 za majaribio na uzisikilize kwa hedifoni.

Hilo la nne ni kwa ajili ya sauti. Upepo wa Agosti na Septemba unavuma ndani ya maiki hata dirisha likiwa limefungwa nusu, na bati likipata joto hupiga milio. Saa 2 hadi saa 4 asubuhi huwa na utulivu kuliko mchana. Tumia waya wa hedifoni wenye maiki, ukiubana kolani sentimita 15 au 20 kutoka mdomoni. Kuna wanaopendekeza kuchora kimya na kuingiza sauti baadaye. Kwa uchoraji hatushauri, isipokuwa upepo ukishinda: unapozungumza huku ukichora, sauti inapungua pale mkono unapofanya kitu kigumu, na mwanafunzi anajifunza hata kwa ule ukimya.

Kuhariri kusikule wiki yako. CapCut au InShot kwenye simu, au Kdenlive kwenye kompyuta, ambayo ni ya bure kabisa. Kata mwanzo na mwisho, ondoa sehemu ulizokosea, na harakisha mara nne pale unapojaza eneo kubwa kwa mistari ile ile. Usiharakishe kamwe tendo unalolifundisha. Muziki wa nyuma acha. Ukiwa na mwanafunzi mwenye uziwi, weka maandishi chini ya picha. Na wengine yatawafaa, hasa kwenye chumba chenye kelele.

Kupunguza uzito na kugawa

Dakika moja ya 1080p kutoka kwenye simu huwa na megabaiti 100 na zaidi. Dakika 6 zako ni kama megabaiti 700, na simu ya mzazi itazifuta siku hiyo hiyo ili apate nafasi. Ingiza faili kwenye HandBrake, programu ya bure, chagua mpangilio wa Fast 480p30. Ukiweka kasi ya video kilobiti 500 kwa sekunde na sauti 64, unapata takriban megabaiti 4 kwa dakika. Somo zima ni kama megabaiti 25. Kwa mkono na karatasi ubora huo unatosha, mradi maandishi yako yawe makubwa, angalau sehemu moja ya kumi na mbili ya urefu wa picha. Jaribu kwenye simu ndogo kuliko zote unayoweza kuazima. Kama husomi, mwanafunzi hatasoma.

Toa pia sauti peke yake kama MP3 ya kilobiti 64, isiyofika megabaiti 3. Sikiliza kama inaeleweka bila picha. Sentensi kama "unafanya hivi, halafu unaleta huku" hazina maana kwa mwenye sabufa; rudi kwenye skripti na useme "laza penseli, vuta kutoka juu kulia kushuka chini kushoto". Skripti iliyopimwa kwa sikio huifanya hata video kuwa bora.

Majina ya mafaili yawe mafupi, bila nafasi: 03_kibuyu_kivuli.mp4. Simu za zamani hukataa majina marefu, na namba ya mbele huyapanga mafaili kwa mfuatano. Flashi inayozunguka mjini hurudi na virusi, hasa vile vinavyoficha mafaili na kuacha njia za mkato. Kwa hiyo tunza flashi moja ya kutolea tu, na usiichomeke kwenye kompyuta ya mtu mwingine. Wazazi wenye WhatsApp wapelekee faili kama dokumenti, ili programu isilibane upya.

Shule yenye chumba cha kompyuta inaweza kusimika Kolibri, mfumo wa bure uliotengenezwa kwa ajili ya mahali pasipo intaneti. Kompyuta moja inakuwa seva, ruta ya kawaida inazigawia nyingine bila bando lolote, na mwalimu anaona nani amefungua somo na amefika wapi. Video zako mwenyewe huingia kwa kupitia Kolibri Studio, ambayo inataka intaneti mara moja tu wakati wa kupakia na kuteremsha. Kwa darasa moja la kuanzia, folda kwenye kompyuta nne inatosha.

Kitini

Simamisha video sehemu sita muhimu na unase picha iliyopo kwenye kioo (skrinshoti). Usizipeleke hivyo hivyo fotokopi: mkono wako utatoka bonge jeusi lisilo na vidole. Weka karatasi juu ya kioo cha kompyuta, punguza taa za chumba, na unakili kwa kalamu nyeusi mistari tu. Panga michoro sita kwenye upande mmoja wa A4, sentensi moja chini ya kila mchoro. Nyuma acha nafasi ya kazi tatu ambazo kila mwanafunzi ataleta, awe ametazama, amesikiliza au amesoma: mchoro mdogo mmoja, jibu la swali moja, na swali lake mwenyewe kwa mwalimu. Nakala moja kwa wanafunzi wawili inatosha wakikaa jirani.

Dakika 80 za darasani

Hapa ndipo darasa geuzi hufaulu au hufa, na halifi kwa sababu ya teknolojia. Hufa pale mwalimu anapogundua kwamba wanafunzi 15 hawajatazama, akasimama ubaoni na kulifundisha somo upya kwa wote. Wale 45 waliojiandaa wamejifunza siku hiyo kwamba kujiandaa ni kupoteza muda. Wiki inayofuata hawatazami tena.

Anza na swali la mlango, dakika 5. Kwa kibuyu: "Chora duara, onesha mwanga unatoka wapi, kisha weka alama pale penye weusi wa juu kabisa." Pita kati ya madawati. Alama iliyokaa kwenye ukingo inakwambia huyu hakutazama, au ametazama bila kuelewa. Wasiotazama wanakwenda kona ya nyuma yenye kompyuta au simu yako, wanatazama dakika 6, wanarudi. Usiwakaripie na usiwape adhabu, huenda jana hakukuwa na umeme mtaani kwao. Wengine wanaanza ngazi ya rangi papo hapo.

Darasa la watu 60 ligawe makundi 10. Kila kundi lina kibuyu chake au chungu. Vitu hivi wanafunzi wanavileta kutoka nyumbani wenyewe. Tatizo litakalojitokeza mara moja ni kwamba chumba chenye madirisha pande zote mbili huua kivuli: mwanga unatoka kila upande na kibuyu kinaonekana bapa. Tumia katoni. Ilaze upande wake, mdomo uwatazame wanafunzi, na ukate tundu la sentimita 15 kwa 20 kwenye ubavu ulio karibu na dirisha. Kibuyu ndani ya katoni kinapata mwanga mmoja tu, na kiini cha kivuli kinajitokeza hata kwa asiyejua jina lake. Wanafunzi sita wakae nusu duara, umbali wa mita moja.

Dakika 40 ni za kuchora. Kazi yako ni kuzunguka, na kwa kila mwanafunzi sema jambo moja tu. Chukua simu, weka kamera kwenye picha nyeusi na nyeupe, na uoneshe kibuyu na mchoro kwa pamoja kwenye kioo kimoja. Rangi ikiondoka, mwanafunzi anaona mwenyewe kwamba kijivu alichochora hakijakaribia weusi uliomo ndani ya katoni. Simu ikiwa kwa mwenzake, mwambie afumbe macho nusu: kope zinafanya kazi hiyo hiyo.

Kisha tundika kazi zote kwenye kamba kwa vibanio vya nguo na wote warudi nyuma mita tatu. Kwa umbali huo mchoro wenye kivuli cha kweli unatoka kwenye karatasi, na ule uliosuguliwa kwa kidole unageuka ukungu. Waache wauseme wao. Dakika 10 za mwisho kila mmoja anarudi kurekebisha sehemu moja, nawe unapiga picha kazi kwa ajili ya mkoba wa maendeleo, yaani jalada la kazi za mwanafunzi. Zipe majina kwa darasa, namba ya mwanafunzi na zoezi, mfano 2A_07_kibuyu. Nyuso usizipige. Picha za watoto ni taarifa binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahusu shule pia. Kwa mkoba wa maendeleo mchoro peke yake unatosha.

Udongo kama somo la kugeuza

Hakuna somo linalofaa kugeuzwa kuliko kutengeneza rangi ya udongo, kwa sababu udongo unahitaji usiku mzima wa kutulia. Mwanafunzi asiyetazama anafika mikono mitupu, na huhitaji mtihani kumjua. Dodoma imejaa malighafi: udongo mwekundu, wa njano, mweupe, na mkaa.

Video ioneshe hatua za jioni. Saga udongo ukiwa umelowana kidogo, vumbi kavu lisiingie kifuani. Chukua kikombe kimoja, kama gramu 200, weka kwenye lita moja ya maji ndani ya chupa ya plastiki iliyokatwa juu. Koroga dakika moja. Subiri sekunde 30, mchanga ukae chini. Mimina maji yenye tope kwenye chombo cha pili, uache mchanga. Rudia mara mbili. Acha hadi asubuhi, mwaga maji safi ya juu, tandaza tope kwenye sahani juani. Wakati wa kiangazi linakauka kabla ya mchana. Chombo kisiwe kilichowahi kuwekwa dawa ya kuua wadudu.

Gundi ni ya migunga, yale mabonge magumu ya rangi ya asali. Gramu 50 kwa mililita 100 za maji ya moto, usiku kucha, kisha chuja kwa kitambaa chepesi. Ikivimba kama utelezi bila kuyeyuka, ni gundi ya mti usiofaa, jaribu nyingine. Darasani: vijiko 2 vya unga wa udongo, kijiko 1 cha maji ya gundi, matone mawili matatu ya asali, kisha maji kidogo kidogo hadi iwe kama uji mwepesi. Isage juu ya kigae kwa kitako cha chupa dakika 5 nzima. Kiini cha njano cha yai, kikichanganywa na maji kwa vipimo sawa, kinafaa badala ya gundi, ila kiishe siku hiyo hiyo.

Rangi ikikauka na bado inashika kidoleni ukiigusa, gundi ni ndogo. Iking'aa na kupasuka, gundi imezidi, au asali imesahaulika. Unga wa mkaa utaelea na kukataa maji. Tone moja la sabuni ya maji linauzamisha. Na zoezi linalowashangaza wanafunzi kila mara ni hili: weka udongo wa njano kwenye kifuniko cha bati juu ya jiko la mkaa, kwenye joto la nyuzi 300 hivi na kuendelea. Unageuka mwekundu mbele ya macho yao. Madini ya chuma yaliyomo yamepoteza maji, na hayarudi tena kuwa ya njano.

Kondoa kwenye kioo cha kompyuta

Rangi nyekundu ya chuma ndiyo iliyotumika pia kwenye michoro ya kale ya miamba ya Kondoa, iliyoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, na kituo chake kiko Kolo kando ya barabara ya Dodoma kwenda Babati. Mwaka 1951 watafiti wa mambo ya kale Mary Leakey na mumewe Louis walinakili michoro hiyo kwa mkono. Leo mwanafunzi wa Chamwino au Bahi anaweza kuisoma kwa kompyuta, hata ile iliyofifia.

Pata picha ya ubora wa juu iliyopigwa kwa kibali, na utumie nakala. Ifungue kwenye GIMP, programu ya bure. Nenda menyu ya Colors, kisha Components, kisha Decompose, uchague LAB. Picha itagawanyika tabaka tatu. Zima nyingine uache tabaka A peke yake, kwa sababu hilo ndilo linalotenganisha wekundu na ukijani. Rudi Colors, Auto, Stretch Contrast. Wekundu utaonekana mweupe. Ukitaka uwe mweusi, tumia Invert. Umbo la mnyama lililokuwa doa tu linaweza kujitokeza na miguu yake. Mbinu ya aina hii, kwa kina zaidi, ndiyo iliyomo kwenye DStretch, chombo kilichotengenezwa na Jon Harman kwa ajili ya michoro ya miamba.

Ukiona miraba midogo midogo badala ya mistari, picha ilipitia WhatsApp. Kubana picha hutupa kwanza taarifa za rangi, ambazo ndizo unazozitafuta. Omba faili halisi kwa flashi.

Mkienda Kolo, pitieni kituoni na mfuatane na mwongozaji. Usimwagie mwamba maji ili picha ing'ae, usiguse, usinakili kwa kuweka karatasi juu ya mwamba, usitumie flashi ya kamera. Baadhi ya maeneo hayo bado ni mahali pa matambiko ya mvua na uponyaji kwa wenyeji. Mwanafunzi aingie akijua hilo, na litajwe kwenye video kabla ya safari.

Vifaa na watu

Projekta haipendi vumbi. Safisha chujio kila wiki mbili wakati wa kiangazi, na ile ya balbu iache feni yake imalize kuzunguka kabla ya kuchomoa waya. Umeme ukikatika ghafla balbu inabaki na joto na maisha yake yanafupika, kwa hiyo iunganishe kwenye UPS, kifaa cha akiba ya umeme. Mchana wa Dodoma unaizidi nguvu projekta ndogo. Khanga nzito madirishani husaidia, ingawa runinga ya inchi 32 kwenye kona ni bora kwa watu 15.

Wazazi waambie mapema kwenye kikao. Asiyeelezwa atadhani mwalimu ameacha kufundisha na anamtuma mtoto kwenye simu. Waoneshe video moja nzima na mchoro uliotokana nayo. Mkuu wa shule naye aone kwamba simu za wanafunzi haziingii shuleni.

Usigeuze kila somo. Video moja kwa wiki mbili inatosha muhula wa kwanza, na mada za mjadala, kama kusoma kazi ya msanii, ni afadhali zibaki mdomoni darasani. Mwisho wa muhula pitia yale maswali ambayo wanafunzi waliyaandika nyuma ya vitini. Swali lililojirudia mara nane au kumi juu ya video moja linaonesha dakika gani haikueleweka: rekodi dakika hiyo upya, uiunganishe mahali pake, na lile faili la zamani ulifute kwenye flashi ya kutolea.